Siri ya Mtungi: Wandani wa Roosevelt na Kampeni za 1940 na 1944

Kumbukumbu za wandani wa marais hupokewa kwa namna mbili. Wapo wasomaji wanaoziamini zote kwa kuwa mwandishi alikuwapo, na wapo wanaozitupa kwa kuwa mwandishi alimpenda bwana wake. Makala hii inatetea njia ya tatu. Kampeni ya rais wakati wa vita hupimwa zaidi kwa yale ambayo mpiga kura hakuambiwa, na hayo anaweza kutuonyesha yule tu aliyekuwa mezani yalipokuwa yakifutwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Samuel Rosenman, jaji wa New York, alianza kumsaidia Franklin D. Roosevelt kuandika hotuba katika kampeni ya ugavana ya 1928. Robert Sherwood, mtunzi wa tamthilia, alijiunga nao mwaka 1940. Pamoja na Harry Hopkins, mshauri wa karibu wa Roosevelt, walipitia rasimu baada ya rasimu, rais mwenyewe akikata na kuongeza. Rosenman na Sherwood waliandika vitabu baada ya kifo cha rais: Sherwood mwaka 1948, Rosenman mwaka 1952.

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini Ufaransa ilikwisha kuanguka na London ilikuwa ikipigwa mabomu usiku na mchana. Roosevelt aligombea muhula wa tatu, jambo ambalo hakuna rais aliyewahi kulipata. Mpinzani wake, Wendell Willkie, alidai kwamba kumchagua ni kuwapeleka vijana vitani. Tarehe 30 Oktoba, siku moja baada ya kuanza kwa bahati nasibu ya kuita vijana jeshini, Roosevelt aliwaahidi wazazi huko Boston kwamba wana wao hawatapelekwa katika vita vya kigeni. Ilani ya chama chake ilikuwa imeweka sharti: isipokuwa nchi ikishambuliwa. Katika hotuba ya Boston sharti hilo liliachwa. Wasaidizi walipouliza, rais alijibu kwamba nchi ikishambuliwa, vita hivyo si vya kigeni tena. Hoja hiyo ilimtosha mwanasheria, lakini mzazi aliyeisikia ahadi hakupewa tafsiri yake. Sherwood anakiri kwamba alikuwa miongoni mwa waliomshawishi rais atoe ahadi hiyo, na kwamba baadaye ilimuuma. Bila vitabu vya wandani kama yeye tungebaki na hotuba peke yake, tusijue kwamba sharti lilijadiliwa na kuachwa kwa makusudi.

Ukimya wa 1944, Roosevelt alipogombea muhula wa nne, ulikuwa mzito zaidi. Mwezi Machi daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Roosevelt na kukuta shinikizo kubwa la damu na moyo ulioanza kushindwa kazi. Wananchi waliambiwa kwamba rais ni mzima. Sherwood alipomwona tena mwezi Septemba alishtushwa na jinsi uso wake ulivyokonda, lakini aliendelea kumwandikia hotuba. Tarehe 21 Oktoba Roosevelt alizungushwa mitaa ya New York katika gari la wazi huku mvua ikinyesha, ili watu wamwone na wasadiki kwamba ana nguvu.

Msomaji anaweza kusema kwamba vita huhalalisha siri. Mwezi huohuo wa Septemba, Jenerali George Marshall alimwandikia Thomas Dewey, mgombea wa Republican, akimwomba asifichue kwamba Marekani ilikuwa ikisoma ujumbe wa siri wa Wajapani. Marshall alieleza kuwa rais hakuwa na habari ya barua hiyo. Dewey alinyamaza, ingawa kusema kungeweza kumpatia kura. Ukimya wa Dewey uliwakinga askari waliokuwa vitani. Ukimya kuhusu moyo wa Roosevelt ulimkinga mgombea. Kuziita siri hizi mbili kwa jina moja la usalama wa taifa ni kumdhulumu raia.

Roosevelt anastahili sifa kwa kukubali kushindanishwa katikati ya vita, wakati Uingereza haikufanya uchaguzi mkuu tangu 1935 hadi 1945. Lakini kura hupata thamani kutokana na habari aliyonayo anayeipiga. Roosevelt alishinda kwa kura 432 za wajumbe dhidi ya 99, akafariki tarehe 12 Aprili 1945, kabla ya miezi mitatu ya muhula wa nne kutimia. Makamu wake, Harry Truman, alirithi vita bila kuwa ameelezwa mpango wa bomu la atomiki. Wamarekani walikuwa wamemchagua Truman kuwa makamu wa rais bila kuambiwa jinsi urais ulivyokuwa karibu naye.

Mwaka 1951 katiba ilirekebishwa ili rais asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Marekebisho hayo yanahesabu mihula. Hayamlazimishi yeyote kusema ukweli kabla ya kura. Mwanahistoria anayefungua kitabu cha mwandani basi na aulize kila ukurasa: ni nini kilichofutwa, na ukimya ule ulimkinga nani?