Matairi ya Arusha, matairi ya Nairobi

Wadau, kila mwanasiasa anaposimama kutuambia kwamba Jumuiya itainua maisha ya mwananchi, mimi huwaza matairi.

Mwaka 1964 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikaa Kampala kumaliza ugomvi tuliorithishwa na Mwingereza. Soko lilikuwa moja, lakini viwanda vingi vilikuwa Kenya. Mtu wa Dodoma au Soroti alinunua bidhaa, ajira ikabaki Nairobi. Ndipo wakagawana viwanda: matairi Tanganyika, baiskeli Uganda, balbu za umeme Kenya. Kila kiwanda kiuze nchi zote tatu, maana soko la nchi moja lilikuwa dogo mno.

Kenya haikuridhia makubaliano hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na Firestone, Arusha nayo ikawa na General Tyre. Viwili, soko lile lile! Kwa maoni yangu aliyefaidi ni mwekezaji, aliyebembelezwa huku na kule.

Waandishi wa mkataba wa Jumuiya wa 1967 hawakuwa wajinga, jamani. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilichangiwa mtaji sawa na nchi zote, lakini Tanzania na Uganda zipate asilimia 38.75 ya uwekezaji wake kila moja, Kenya 22.5. Yaani mwenye kidogo aongezewe. Tatizo, fedha zenyewe zilikuwa chache. Ikawekwa pia kodi ya uhamisho: nchi iliyo nyuma iliruhusiwa kutoza bidhaa za jirani ili ilinde kiwanda chake kichanga. Matokeo yake, kila mtu akapata sababu ya kujenga alichonacho mwenzake.

Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki na madai. Makubaliano ya 1984 yaliachia kila serikali iwalipe watu wake, na miaka ya 2000 wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao.

Mkataba mpya ulisainiwa Arusha mwaka 1999. Unazungumzia ushirikiano unaoongozwa na soko. Habari ya kugawana viwanda kama ile ya 1964 haimo. General Tyre ilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000. Sasa nani anaamua kiwanda kijengwe Kigoma badala ya Nairobi? Mwenye jibu aniambie.