Nafasi ya Msikilizaji: Chimbuko la Ukuu wa Bendi, Kutoka Kakamega hadi Wembley

Utangulizi

Wanaojadili bendi kubwa za roki aghalabu hutaja mambo matatu: sauti ya mwimbaji, ufundi wa mpiga gita la solo, na idadi ya santuri zilizouzwa. Vigezo hivi vina uzito wake. Hata hivyo, havielezi kwa nini bendi mbili zirekodi katika studio moja, zichezwe kwenye redio moja, kisha moja idumu na nyingine isahaulike. Makala hii inashikilia kwamba bendi hudumu pale utunzi wake unapompa msikilizaji kazi ya kufanya. Umaarufu huletwa na usambazaji. Ukuu huletwa na ushiriki. Hoja hiyo itajengwa kwa mifano ya muziki wa Kakamega, kisha itapimwa kwa Queen, bendi ya roki ambayo mwimbaji wake alizaliwa Zanzibar.

Isukuti: hadhira ndani ya ngoma

Kwa Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, isukuti ni jina la ngoma zenyewe na pia la uchezaji wake. Ngoma huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya swara na njuga za chuma. Kiongozi hutoa maneno yanayolingana na tukio la siku hiyo, wachezaji nao huitikia wakiwa wamejipanga safu ya wanaume na safu ya wanawake. Isukuti hupigwa kwenye arusi, jando, mazishi, mikutano ya hadhara, na pale mafahali wanapopiganishwa Shinyalu na Ikolomani.

Ukiutazama mpangilio huo kwa makini, utaona kwamba kiongozi peke yake hawezi kuukamilisha wimbo. Kila mstari wake huishia mahali panapodai jibu, na jibu ni la kila aliyefika, awe fundi wa kuimba au asiwe. Mgeni aliyekuja kuhani au kushangilia fahali hujikuta ameshika kiitikio kabla hajayajua maneno ya kiongozi. Hilo ndilo umbo la kisanaa ambalo wanamuziki wa gita wa Magharibi ya Kenya walilelewa ndani yake.

Omutibo: chupa ya soda na gita kavu

George Mukabi, mzaliwa wa Kisa huko Kakamega, alilihamishia gita umbo hilo katika miaka ya 1950. Mtindo wake, omutibo, hupigwa kwa gita kavu. Kidole gumba hushikilia besi, na cha shahada hudonoa nyuzi nyembamba, hivi kwamba gita moja husikika kama mawili. Wimbo wake “Sengula Nakupenda” ulimpa jina kote nchini. Mukabi alifariki mwaka 1963, akiwa angali kijana, lakini omutibo haukuzikwa naye. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliuendeleza.

Abana ba Nasery walishika njia hiyo hiyo. Walitoka Bunyore, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega kabla Vihiga haijajitenga. Shem Tube na Justo Osala walipiga magita, naye Enos Okola akashika chupa ya Fanta. Chupa ile ya zamani ilikuwa na mifuo ubavuni. Ukiikwaruza kwa kipande cha chuma hutoa mlio mkavu unaotunza mwendo wa wimbo wote. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizitoa upya rekodi zao za awali, na wasikilizaji wa Ulaya wakazipokea kwa shauku.

Chupa hiyo ina maana kubwa kwa hoja yetu. Bendi inayotegemea vyombo vya gharama humfanya kijana wa kijijini awe mtazamaji tu. Bendi inayotegemea gita moja, chupa na sauti mbili humwambia kwamba naye anaweza kuanza leo. Kwa njia hii muziki hupata warithi bila kusubiri shule wala mfadhili.

Kiitikio kinachovuka bahari

Mfano wa tatu ni Daudi Kabaka, Mluhya aliyevuma kupitia Equator Sound Studios, Nairobi, katika miaka ya 1960. Wimbo wake “Helule Helule” ulirekodiwa upya na kundi la The Tremeloes, na mwaka 1968 ukaingia miongoni mwa nyimbo 20 bora za Uingereza. Waingereza waliyabadilisha maneno, lakini hawakuthubutu kukigusa kiitikio. Sehemu iliyobuniwa kwa ajili ya umati ndiyo iliyosafiri salama.

Queen walifikia hitimisho hilo kwa njia yao wenyewe. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuhamia Uingereza pamoja na familia yake baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1977 mpiga gita wa bendi hiyo, Brian May, alitunga “We Will Rock You” baada ya kusikia mashabiki wakiimba wenyewe ukumbini. Karibu wimbo mzima umejengwa kwa vishindo vya miguu na makofi. Gita husubiri hadi mwishoni. May aliwatungia watu wasio na ala yoyote mikononi. Ndiyo maana mnamo Julai 13, 1985, katika uwanja wa Wembley, Mercury aliweza kutoa sauti bila maneno na maelfu wakamjibu kama waliofanya mazoezi naye. Mzee wa Shinyalu angelitambua jambo lile mara moja: kiongozi ameita, umati umeitikia.

Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba redio na kampuni za kurekodi ndizo huamua. Ni kweli kwamba bila studio za Nairobi na redio, Mukabi na Kabaka wasingesikika Mombasa. Lakini studio hizo zilitoa nyimbo nyingi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Usambazaji huufikisha wimbo mlangoni. Hauwezi kuulazimisha uimbwe.

Wengine hutaja lugha, na Kiswahili kwa hakika kilimsaidia Mukabi. Hata hivyo, “Mukangala” ya Jacob Luseno imeimbwa kwa Kiluhya na bado huwainua watu vitini kwenye arusi za Nairobi, wakiwemo wasiojua Kiluhya.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye isukuti yenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wajuzi wengi ni wazee, warithi ni wachache, na fedha za kutengenezea ala na mavazi ni haba. Ikiwa ushiriki ndio siri ya kudumu, mbona sanaa shirikishi kuliko zote inayumba? Jibu ni kwamba ushiriki huhitaji mahali pa kufanyikia. Matanga yanapoachiwa vipaza sauti vya kukodi, na vijana wanapokaa kando wakirekodi kwa simu, kiitikio hukosa waitikiaji. Pingamizi hili linaipa hoja yetu masharti zaidi bila kuiangusha.

Hitimisho

Ukuu wa bendi, basi, upimwe kwa watu wanaoweza kuendelea na wimbo pale mwimbaji anaponyamaza. Wanaotaka kuunda bendi za roki Kakamega hawana haja ya kuanza kwa kuiga kelele za London. Waanze na umbo walilorithi: mwito ulio wazi, jibu linaloshikika, na mapigo yanayoweza kupigwa kwa kiganja. Serikali ya Kaunti ya Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na shule zinazoshiriki tamasha la muziki zina wajibu wa kuhakikisha kwamba kila mtoto anazipiga ngoma tatu za isukuti kwa mikono yake mwenyewe, hata asipokwenda mashindanoni. Bendi kuu ya kesho itatoka kwa watoto waliozoea kuitikia.