Pumu isiyo na mlio kifuani hutibiwa kwa inhela zile zile

KIKOHOZI kikavu kinachomwamsha mtu saa tisa za usiku, wiki baada ya wiki, bila homa wala makohozi, ni nadra kufikiriwa kuwa pumu. Katika fikira za wengi, mgonjwa wa pumu ni yule anayehema kwa shida huku kifua kikitoa mlio kama wa filimbi. Hata hivyo, ipo pumu ambayo dalili yake ya pekee ni kukohoa, na nyingine ambayo mgonjwa huhisi tu kwamba kifua kimembana. Zote mbili hutibiwa kwa dawa za kuvuta zinazotumiwa katika pumu ya kawaida.

Jambo hili lina uzito katika eneo kama Musanda, wadi iliyo Mumias Magharibi katika Kaunti ya Kakamega. Huku ni nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka wa 1973. Miwa inapoungua, iwe kwa kusudi au kwa ajali, moshi na masizi hufika hadi majumbani, na jikoni kuna moshi mwingine wa kuni. Kikohozi basi huonekana kuwa sehemu ya maisha. Mwenye nacho hununua dawa ya maji dukani, kisha viuavijasumu, kisha dawa nyingine ya maji, na fedha huisha kabla ya mtu yeyote kutaja neno pumu.

Pumu ya kikohozi ilipata umaarufu katika elimu ya tiba mwaka wa 1979, pale madaktari wa Marekani William Corrao, Sidney Braman na Richard Irwin walipochapisha habari za wagonjwa sita katika jarida la New England Journal of Medicine. Wote walikuwa wamekohoa kwa muda mrefu bila mlio kifuani, na vipimo vyao vya kawaida vya mapafu havikuonyesha kasoro. Lakini walipovutishwa methakolini, kemikali ya kuchokoza njia za hewa, njia hizo zilibana kupita kiasi. Baada ya kupewa dawa za kupanua njia za hewa, kikohozi kilitulia. Ile ya kubanwa kifua peke yake ilielezwa baadaye sana, na watafiti wa China mwaka wa 2013.

Kinachotokea ndani ni kile kile cha pumu zote. Utando wa njia za hewa huvimba na kuwa mwepesi wa kuchokozeka. Moshi, vumbi, baridi ya alfajiri, mafua au mbio za shuleni hutosha kuuamsha. Ndiyo sababu tiba haibadiliki. Inhela ya salbutamoli, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, hulegeza misuli iliyobana ndani ya dakika chache, lakini haigusi uvimbe. Uvimbe hupunguzwa na steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonaidi, inayotumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia mzima. Kumpa mgonjwa ile ya buluu peke yake ni kutibu nusu ya ugonjwa. Tangu mwaka wa 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana wabalehe watibiwe kwa salbutamoli pekee.

Kabla ya kufika huko, lazima kifua kikuu kiondolewe shakani. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, hasa akiwa na homa, jasho la usiku au anapungua uzito, apimwe makohozi. Nchini Kenya kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Tabibu pia atauliza kuhusu kiungulia, sigara, na dawa za shinikizo la damu za jamii ya enalaprili, ambazo zenyewe huleta kikohozi kikavu. Mzee mmoja anaweza kukohoa mwaka mzima kwa sababu ya kidonge anachokimeza kila asubuhi.

Kipimo cha methakolini si cha zahanati ya kijijini. Kilicho rahisi ni kifaa cha mkononi cha kupima nguvu ya mpulizo. Mgonjwa hupuliza, huvuta salbutamoli, kisha hupuliza tena baada ya dakika 15 hivi. Kiwango kikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, pumu huwa na uwezekano mkubwa. Lakini katika pumu ya kikohozi kiwango chaweza kisipande kabisa. Hapo tabibu huweza kuamua kujaribu steroidi ya kuvuta na kutazama matokeo. Subira ndiyo hukosekana mara nyingi: nafuu ya kwanza huweza kuonekana ndani ya wiki moja, ilhali kikohozi kuisha kabisa kwaweza kuchukua hadi wiki nane. Anayeacha siku ya tano husema dawa haikumfaa.

Wengine huiacha kwa kuogopa neno steroidi. Hofu hiyo ina chanzo, kwa kuwa vidonge vya steroidi vikitumiwa muda mrefu vina madhara makubwa. Lakini mikrogramu 400 za beklometasoni kwa siku ni sehemu moja tu kwa mia ya uzito wa miligramu 40 za prednisoloni, kiasi ambacho mtu mzima hupewa anaposhambuliwa vikali na pumu. Madhara ya kawaida ya dawa ya kuvuta ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Kusukutua kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta hupunguza yote mawili.

Namna ya kuvuta ni nusu ya tiba. Inhela hutikiswa, mgonjwa hutoa pumzi, kisha huibonyeza mara moja anapoanza kuvuta polepole, na kubana pumzi kwa sekunde 10. Watoto hawaliwezi hilo. Wao huhitaji chemba ya kuvutia, nayo huuzwa ghali. Mwaka wa 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, ilipitisha dawa ya kupanua njia za hewa kwa ufanisi uliokaribiana na wa chemba ya dukani. Kikombe cha plastiki nyepesi hakikufanya hivyo.

Kikohozi kikiisha, dawa haiachwi ghafla. Kwa kawaida tabibu hungoja miezi miwili au mitatu ya utulivu ndipo apunguze kiasi hatua kwa hatua. Baadhi ya wanaoachwa bila tiba hupata pumu kamili yenye mlio na kukosa pumzi, na tafiti kadhaa zimekadiria kuwa hao hufikia thuluthi moja. Kisipopungua kabisa baada ya wiki nane za kuvuta dawa sawasawa, uchunguzi huanza upya. Na anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka rangi ya buluu, avutishwe salbutamoli njiani huku akikimbizwa hospitali.