Nasaba ya Kirusi cha Beni na Damu Iliyokatazwa Safari

Serikali ya Kongo ilipotangaza, tarehe 1 Agosti 2018, kwamba Ebola imezuka Mangina, kando ya Beni, wataalamu wa INRB, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, walitenda jambo ambalo wanazuoni wengi hulifanyia ubahili: kadiri walivyozidi kusoma mpangilio wa vinasaba vya kirusi hicho, waliuweka hadharani katika intaneti kabla ya makala yoyote kuchapishwa, ili kila mwenye haja autazame bila ya malipo. Sharti lao lilikuwa la adabu tu, yaani kazi haijatimia, na atakayetaka kuitia katika maandishi yake awaarifu kwanza. Kwa jumla walisoma sampuli 744, zilizochukuliwa hadi Aprili 2020.

Sharti hilo lina asili yake. Mwaka 1976 tabibu Jean-Jacques Muyembe alirejea Kinshasa kutoka kijiji cha Yambuku, Kongo, pamoja na mtawa mgonjwa, ambaye damu yake ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Nayo sifa ya ugunduzi wa kirusi cha Ebola ikabaki ughaibuni miaka mingi, jina la Muyembe likitajwa kwa nadra.

Na maandishi nayo hufungwa. Mwaka 1982 watafiti wa Ulaya waliandika kwamba dalili za Ebola zimo katika damu ya watu wa Liberia. Maafisa wa afya wa nchi hiyo walizipata habari hizo mwaka 2015, baada ya maelfu kuzikwa kwa Ebola, wakalalamika kwamba kusoma makala moja kama hiyo kwagharimu dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wao.

Beni haikungoja hivyo. Jaribio la dawa nne, lililoanza Novemba 2018, likafanyika katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na kuwahusu wagonjwa 681, lilisimamishwa Agosti 2019, na matokeo yakatangazwa papo hapo, zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuchapishwa, ili wagonjwa wapewe zile mbili zilizoshinda. Moja ya hizo asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit, Kongo, mwaka 1995.

Hata hivyo, uwazi huo ulikuwa wa Kiingereza, na soko la Butembo husema Kinande na Kiswahili. Sistaajabu kwamba mwezi Februari 2019, data zikiwa wazi kwa ulimwengu mzima, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa moto na risasi.

Mwaka huo huo Muyembe, akiwa mkuu wa INRB, aliamuru kwamba sampuli za damu za mlipuko huo zisitoke Kongo. Msomaji huenda akamwita mchoyo. Mimi siwezi, maana taasisi yake ndiyo iliyotoa vinasaba bure. Februari 2020 maabara mpya, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ilifunguliwa Kinshasa, na mtafiti wa kigeni aliyeitaka damu ya Beni aliambiwa aifuate huko.