Sinagogi ya Elisabethville na Watu wa Rhodes

Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulipoasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya jimbo la Katanga huko Kongo, na reli ya kusini ikaufikia mwaka huohuo, miongoni mwa waliowasili walikuwamo Mayahudi wachache wafanyabiashara, nao wakaunda jumuiya yao mwaka 1911. Walioipa jumuiya hiyo sura na lafudhi yake, hata hivyo, ni watu wa kisiwa cha Rhodes, dhuria wa Mayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, ambao karne nne chini ya himaya ya Waturuki hazikuwasahaulisha Ladino, lugha ya wazee wao.

Kilichowatoa kwao ni ufukara. Kijana aliitwa kwa barua na ami yake, akasimama nyuma ya meza ya duka akiwapimia wachimba shaba vitambaa, huku akiokota Kiswahili vinywani mwa wateja. Na alipojaaliwa duka lake, akaagiza mchumba kutoka Rhodes. Wanawake hao, ambao kumbukumbu za jumuiya huwataja kwa nadra kuliko haki yao, ndio waliowasimulia watoto habari za nyua zilizotandazwa kokoto nyeusi na nyeupe kwa nakshi, wakiwaandalia siku ya Sabato burekas, vitumbua vya unga vilivyojazwa jibini na kuokwa.

Sinagogi ilijengwa mwaka 1930, na mwaka 1937 akaja kuiongoza Rabi Moïse Levy, aliyesomea Rhodes kwenyewe. Mwaka uliofuata Waitalia, waliokitawala kisiwa tangu 1912, walitangaza sheria za ubaguzi. Na Julai 1944 Wajerumani, waliokuwa wamekwisha kukitwaa kisiwa, wakawapakia majahazini takriban Mayahudi wote waliosalia, watu wapatao 1,700, safari yao ikaishia kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliosalimika hawakufika 200. Basi jamaa wa Katanga, waliokuwa wakihesabiwa kuwa ndio walioko ugenini, wakajikuta wameachiwa amana ya mji mzima: majina ya marehemu, nyimbo, hata ugomvi wa majirani.

Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 yalikuja machafuko ya Katanga, kisha mwaka 1973 serikali ya Rais Mobutu ikazitwaa biashara za wageni, na maduka mengi yakafungwa. Rabi Levy alihama mwaka 1991 kwenda Brussels, walikokwisha kutangulia wengi wa waumini wake.