Kuungua na Mshtuko wa Mwili: Funzo la Miaka Mia Moja

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia mafuta na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Wengine walifikishwa hospitali wakiwa hai, wakafa baadaye. Je, moto ukishazimwa, ni nini kinachoua? Sababu ni nyingi, lakini inayotangulia, ndani ya saa chache, ni mshtuko wa mwili. Huu si mshtuko wa hofu.

Zamani madaktari wengi walidhani ngozi iliyoungua hutoa sumu. Mwaka 1921 jumba la sinema la Rialto liliungua mjini New Haven, Marekani. Profesa Frank Underhill wa Chuo Kikuu cha Yale alipima maji ya malengelenge ya majeruhi. Akakuta yanafanana na maji ya damu, na damu iliyobaki mwilini imekuwa nzito.

Ndivyo ilivyo. Mtu akiungua sana, mishipa midogo huvuja kama kiriba kilichotoboka. Maji na chumvi hutoka kwenye damu, mwili ukavimba. Moyo hupiga mbio, mikono huwa baridi, mkojo hupungua, na figo zaweza kufa.

Mwaka 1968 Dkt. Charles Baxter wa Dallas alitoa hesabu ambayo bado inatumika: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeungua asilimia 20 huhitaji lita 4 za dripu kwa siku ya kwanza. Nusu yake iingie katika saa 8 za mwanzo.

Sasa sikiliza vizuri, wewe wa Kaskazini Mashariki. Saa hizo 8 huhesabiwa tangu mtu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Ukiungua Modogashe na ukafika Garissa baada ya saa 5, zimebaki 3 tu.

Kwa hiyo, fanya haya:

1. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usitumie barafu.
2. Vua pete na bangili kabla hajavimba.
3. Usipake samli, majivu wala dawa ya meno.
4. Funika jeraha kwa kitambaa safi, na mwili wote kwa blanketi.
5. Mpeleke zahanati iliyo karibu waanze dripu, kisha safari iendelee.
6. Kama safari ni ndefu, naye yuko macho na hatapiki, mnyweshe maji ya ORS kidogo kidogo.

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto akiungua viganja 10, yuko hatarini hata kama bado anazungumza. Usingoje asubuhi.