Weka Mkono Kwenye Boneti

Siku ukienda kununua gari, mchukue babu yangu. Yeye hapigi tairi mateke kama wafanyavyo vijana wa mjini, wala hana haraka ya kufungua mlango. Kitu cha kwanza anaweka kiganja juu ya boneti na kutulia nacho pale, kama mama anayepima homa ya mtoto. Likiwa la moto, anageuka anaondoka zake. "Wameliwasha kabla hujafika," anasema. "Gari gonjwa likishapata joto linaficha ugonjwa. Liache lilale, uliwashe mwenyewe alfajiri, ndipo utalisikia linavyokohoa."

Babu ni wa hapa hapa Maposeni. Alikuwa utingo wa lori la NGOMAT, chama chetu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, mpaka serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Baadaye akashika usukani wa malori ya serikali. Makala hii naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mkono wangu mwenyewe, ambao nitaueleza huko mbele.

Swali lililonisumbua ni hili: hivi sisi tulianza lini kulijaribu gari kabla ya kulinunua? Si kupanda tu, la. Nasema kuliendesha, kulisikiliza, na kisha kuwa na uwezo wa kusema "silitaki". Kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba magari yamejaribiwa sana kwenye ardhi yetu, lakini mwenye haki ya kusema "silitaki" mara nyingi alikuwa mtu mwingine.

Tuanze na Mjerumani. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari alilotengenezewa katika kiwanda cha Gaggenau. Nia yake ilikuwa kuivuka Afrika mpaka bahari ya upande wa pili, na kweli alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, karibu miezi 21 baadaye. Vitabu vinamsifu kuwa wa kwanza. Sawa, asifiwe. Lakini hebu tazama tarehe. Februari 1906, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya safari hiyo, Wajerumani walikuwa wamewanyonga viongozi wetu mjini Songea, wakati wa Majimaji, na njaa ikaingia Ungoni. Gari lilipokwama, Waafrika ndio walioshika kamba na kulivuta. Basi jaribio la kwanza kubwa la gari katika nchi yetu tulilifanya kwa mabega.

Wakaja Waingereza, na mwaka 1953 yakaanzishwa mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo hayo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Hapa babu anachangamka mpaka anasahau chai yake. Anasema wakati huo mtu hakuhitaji kulijaribu gari, alisubiri Pasaka aone lipi litafika. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka wa kwanza. Peugeot 404 ikashinda 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Datsun ikatokeza 1970, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaipa ushindi mara tano kati ya 1973 na 1982. Tope, vumbi, mawe na mito iliyofurika: huo ulikuwa mtihani wa hadharani, na muuzaji hakuweza kuuficha. Mimi naona ndiyo sababu jina la "Pijo" lilikaa vinywani mwa watu wasiowahi hata kuigusa.

Sasa njoo kwenye miaka ya Ujamaa. Gari jipya lilipitia State Motor Corporation, shirika la serikali, na ulihitaji kibali. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zikawa haba zaidi. Hata wachache wenye magari binafsi walikatazwa kuyatembeza Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kubana mafuta. Katika hali hiyo, nani angethubutu kusema eti anataka kwanza kulizungusha gari mtaani? Babu alitumwa Dar kuchukua lori jipya. "Unapewa funguo, unasaini, unaondoka," anasema. "Ukilikataa, nyuma yako wapo wengine wanaolingoja."

Nisieleweke vibaya. Sitaki kuwacheka watu wa wakati ule. Lori lile lilileta mbolea na kuondoa mahindi huku kwetu. Nasema tu kwamba anayegawiwa hachagui.

Mlango ulifunguka kwa bajeti ya 1984, wakati Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezitoa wapi. Pikapu zikamiminika. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na neno "ruksa" likawa salamu. Kisha yakaja mitumba ya Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, ukaguzi wanaouita shaken, na gharama yake humfanya mtu aliuze gari likiwa bado na nguvu. Hapo ndipo yadi za Dar zilipozaliwa, na mteja wa kawaida akaweza kuomba funguo.

Naam, tufike kwenye mkono wangu.

Mwaka 2021 baba mdogo aliuza mahindi na kiwanja, akapata milioni kumi na moja. Alitaka Noah ya kubeba abiria kati ya Peramiho na Songea mjini. Akanichukua mimi kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, eti nitasoma karatasi. Tulifika kwenye yadi moja saa tatu asubuhi. Muuzaji mkarimu sana, akatuletea soda baridi. Mafuta hayatoshi kutoka barabarani, alisema, lakini mnaweza kuzunguka humu ndani. Baba mdogo akazunguka mara mbili kwa gia ya chini, akitabasamu kama bwana harusi.

Mimi niliweka mkono kwenye boneti kabla hajawasha. Lilikuwa la moto. Nikajiambia labda ni jua la Dar, ingawa lilikuwa limeegeshwa kivulini. Nilikuwa nimeshakunywa soda ya mtu, na baba mdogo alikuwa anaonekana mwenye furaha, nami nikanyamaza.

Kitonga tulipanda usiku, polepole. Lukumburu halikupanda. Lilichemsha, likatoa moshi mweupe, na fundi aliyetoka Madaba akatuambia gasketi imekufa na silinda hedi imepinda. Tulipopiga simu, yule bwana alijibu kwa upole kwamba gari tulilijaribu wenyewe. Nilikuja kuisoma Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kwa Mwingereza. Mfanyabiashara anatakiwa auze kitu chenye ubora unaostahili, lakini kama mnunuzi alikichunguza, hana dai juu ya kasoro ambazo uchunguzi huo ungepaswa kuzionyesha. Ile mizunguko yetu miwili ilikuwa zawadi kwake.

Sijawahi kumwambia baba mdogo kuhusu boneti. Labda ataisoma humu.

Mwaka huu amekusanya tena, na safari hii anataka kuagiza moja kwa moja Japani kwa simu, bila kuliona. Juzi alinipa karatasi ya mnada niisome mbele ya babu. Nikawaeleza: hii nne na nusu ni daraja la gari zima, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama juu ya mchoro wa lile gari dogo.

"Na hapo wameandika wapi," akauliza, "kama walipoliwasha lilikuwa la baridi?"

Nikaipitia karatasi yote, mbele na nyuma. Baba mdogo alikuwa ananitazama mimi.